Mikono Iliyotukanda: Habari za Tiba ya Kuchua Mwili katika Mbulu na Hanang

Ndugu wanajumuiya wa hekalu letu, nanyi majirani zetu mnaofika kila mwaka kushiriki nasi taa za Diwali na sahani ya prasad: kamati ya jarida hili la kumbukumbu iliponiomba niandike juu ya historia ya jamii yetu katika wilaya za Mbulu na Hanang, nadhani ilitarajia habari za maduka, malori na mashine za kusaga. Hayo nitayagusa, maana nilizaliwa nyuma ya duka na huenda nikafia humo. Lakini wako wenzangu wenye kumbukumbu bora kuliko zangu juu ya bei ya ngano na vibali vya ujenzi. Mimi nimechagua kuandika juu ya mikono: mikono ya kina mama na wazee, wa Kihindi, wa Kiiraqw na wa Kibarabaig, waliotuchua, wakatukanda na kutuunga mifupa kabla daktari hajafika, na aghalabu hata baada ya daktari kufika.

Nianze na bibi yangu, mama yake baba, ambaye sisi Wagujarati humwita Dadima. Alitoka Kathiawad, upande wa Jamnagar, akavuka bahari akiwa bibi arusi asiyejua neno moja la Kiswahili. Babu alikuwa tayari amefungua duka dogo la bati huko Mbulu, akinunua ngozi, nta na samli, na kuuza chumvi, sukari na marekani. Yeyote aliyewahi kukaa Mbulu mwezi wa Juni na Julai anaijua baridi yake, ile inayoshuka na ukungu na kukaa ndani ya magoti hadi saa nne asubuhi. Dadima aliifahamu baridi hiyo kama adui. Kila asubuhi alipasha mafuta ya ufuta katika kikaango kidogo, akatia punje za kitunguu saumu na kiasi cha ajmo, akasubiri mpaka saumu igeuke rangi ya kahawia, ndipo akayaepua. Mafuta hayo yalikuwa ya wote nyumbani: kiuno cha babu kilichokuwa kikilalamika kwa sababu ya magunia, vifundo vya miguu ya Ba, na sisi watoto, mmoja mmoja, juu ya mkeka, tukipiga kelele. Mtu mwenye maumivu ya mgongo aliwekewa chumvi iliyokaangwa ikafungwa katika kitambaa, jambo ambalo kwetu huitwa shek, na ambalo kwa Kiswahili halikuhitaji jina jipya, kwa kuwa Waswahili wanalo lao zamani: kukanda.

Niruhusuni kueleza hapa, kwa ajili ya vijana, kwamba kina mama wa pwani wana maneno mengi kwa kazi hii kuliko tunavyodhani. Kuchua ni kusugua kwa nguvu mahali penye maumivu. Kukanda ni kubonyeza kama unga, au kwa kitambaa cha maji ya moto. Kusinga ni kupaka na kusugua mwili kwa manukato, kama anavyofanyiwa bibi arusi wa Zanzibar kwa singo. Lugha haitungi maneno matatu kwa jambo isilolijali.

Ajabu ya mambo ni kwamba siku za mzazi zilihesabiwa karibu sawasawa katika nyumba zetu na za majirani. Sisi tunasema sava mahino, yaani mwezi mmoja na robo, ambapo mama aliyejifungua hafanyi kazi nzito, huchuliwa kwa mafuta, hufungwa tumbo kwa kitambaa na kulishwa vyakula vya moto. Waswahili husema arobaini, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo vivyo hivyo. Ndugu yangu mdogo alipozaliwa, mkunga aliyeitwa alikuwa mama wa Kiiraqw, jirani yetu, mtu wa makamo mwenye viganja vipana. Alikuja na mafuta ya kondoo katika kibuyu. Dadima, ambaye hakuwahi kugusa nyama maisha yake yote, alisimama mlangoni akakataa katakata mafuta ya mnyama aliyechinjwa yasipakwe mwili wa mkwewe. Mkunga naye akakataa kushika mwili wa mzazi kwa mafuta ya mbegu, akisema ni mepesi kama maji na hayaingii. Wote wawili walikuwa wakali, na mzazi yuko kitandani akiwasikiliza. Waliopatanisha ni Wabarabaig, ingawa hawakuwapo: babu alikwenda stoo akaleta samli aliyoinunua kwao, iliyotoka kwa ng'ombe aliye hai. Dadima akaikubali kwa sababu samli ni safi hata kwa miungu, na mkunga akaikubali kwa sababu ilikuwa nzito. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walikuwa wakichuana magoti wao kwa wao, mmoja akisema Kigujarati, mwenzake Kiiraqw, na sijui kama walielewana zaidi ya maneno ishirini ya Kiswahili. Hata hayo machache yaliwapa tabu. Kwetu dada ni babu na kaka ni baba mdogo, kwa hiyo Dadima alipomwambia mkunga kwamba "dada anaumwa kiuno", mkunga alimtafuta msichana.

Je, maarifa haya ya Dadima yalitoka wapi? Yeye angejibu kwamba yalitoka kwa mama yake. Lakini nyuma ya mama yake kulikuwa na vitabu vikuu viwili vya tiba ya Kihindi, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vyenye umri wa karibu miaka 2,000. Charaka anahesabu kupaka na kuchua mwili kwa mafuta, abhyanga, miongoni mwa desturi za kila siku za mtu anayetaka kukaa na afya, kama vile kusafisha meno. Sushruta, aliyekuwa zaidi mtu wa upasuaji, anaeleza namna ya kurudisha mfupa uliovunjika mahali pake kwa kuvuta na kubonyeza, na kuufunga kwa mabanzi ya mianzi au ya magome ya miti. Naye anatoa onyo ambalo nitalirudia baadaye, maana limenigharimu: kwamba kifungo kikilegea mfupa hautulii, na kikikazwa mno mwili huvimba, huuma na kuoza, basi mganga afunge kwa kadiri. Huko Gujarat muunga mifupa huitwa hadvaid, na wapo hadi leo. Mji wa Jamnagar wenyewe ulipata Chuo Kikuu cha Ayurveda mwaka 1967, miaka mingi baada ya Dadima kuondoka na mafuta yake ya ufuta.

Mikono hii haikuvuka bahari kuja Afrika peke yake. Sake Dean Mahomed, Mwislamu wa Patna aliyezaliwa mwaka 1759, alikwenda Ireland na baadaye Uingereza, akajaribu biashara ya mkahawa wa vyakula vya Kihindi mjini London mwaka 1810, ikamshinda. Mfanyabiashara yeyote msomaji wa makala haya atamwonea huruma. Akahamia Brighton mwaka 1814, akafungua nyumba ya mvuke na kuchua mwili, na akafaulu kiasi cha kuteuliwa mchuaji wa mfalme George wa Nne na William wa Nne aliyemfuata. Kazi yake aliiita kwa neno la Kihindi lenye maana ya kubonyeza, champo, ambalo Waingereza walilitamka shampoo. Hivyo ile chupa ya shampuu inayouzwa katika kila duka la Katesh imebeba jina la kazi ya mikono, ingawa waiuzao hawalijui, na mimi mwenyewe niliuza makasha mengi kabla ya kujua.

Kwa upande mwingine wa dunia, Mswidi Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo huko Stockholm mwaka 1813, na katika nchi za Skandinavia kazi ya kunyoosha, kusugua na kuzoeza viungo ikawa taaluma yenye mitihani. Huko Uingereza wauguzi wanne waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa mwaka 1894, nacho ndicho kilichokua kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia. Naandika haya kwa sababu watu wengi hudhani kwamba fiziotherapia ni kitu cha mashine na nyaya. Mama yake ni mkono na mafuta.

Taaluma hiyo ilifika kwetu kupitia njia ya misheni. Baada ya mapori yenye mbung'o kusafishwa katika zama za Waingereza, Wairaqw walitoka katika milima yao ya asili na kusambaa kusini na magharibi, na mwaka 1955 Wanorwe wa misheni ya Kilutheri walifungua hospitali Haydom, mahali ambapo hapakuwa na mji wala barabara ya maana. Leo hospitali hiyo ina vitanda zaidi ya 400 na huhudumia watu wa Mbulu, Hanang, Singida na hata Wahadzabe wa Yaeda. Mwaka 1971 KCMC ikafunguliwa Moshi, na kutoka huko wakaanza kupatikana Watanzania waliosomea tiba ya viungo. Baba alikwenda Haydom mara ya kwanza kwa lori la ngano kutoka Basotu, akiwa amelala kifudifudi juu ya magunia kwa maumivu ya mgongo. Alirudi amekaa. Alichofanyiwa, kwa maelezo yake, kilikuwa "mambo ya Mama, ila kwa saa ya ukutani": kuvutwa, kubonyezwa, kufundishwa kunyanyua gunia kwa magoti badala ya kiuno, na kuamriwa atembee badala ya kulala. Jambo la mwisho Dadima hakulisamehe kamwe. Kwake mgonjwa ni mtu wa kulala.

Yaliyofuata katika jamii yetu nitayapita upesi, kwa kuwa wengi wenu mnayajua kwa uchungu au kwa kusimuliwa. Hanang ikagawanywa kutoka Mbulu mwaka 1969. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zikataifishwa. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, uhaba wa bidhaa na vita vya Kagera. Familia baada ya familia ilifunga mlango ikaenda Arusha, Leicester au Toronto. Sisi tulibaki, tukahamisha duka kutoka Mbulu hadi Katesh, chini ya mlima Hanang. Wachache wamewahi kuhesabu kilichoondoka pamoja na familia zile. Waliondoka bibi waliojua kumgeuza mtoto mchanga mwenye msokoto wa tumbo, na mabinti zao hawakurithi, kwani huko walikokwenda kulikuwa na daktari wa familia na fomu ya kujaza. Dadima alifariki mwaka 1978. Ba alijua nusu ya aliyoyajua yeye, na dada zangu nusu ya hiyo nusu.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka, lakini historia isiyo na aibu ya mwandishi wake ni tangazo la biashara.

Masika ya mwaka 1986 mchukuzi wetu, kijana wa Kibarabaig wa umri wangu, aliteleza kutoka juu ya lori akaangukia mkono wa kulia. Mfupa wa kigasha ulivunjika, na hilo lilionekana kwa macho. Barabara ilikuwa matope matupu. Alikuwapo karibu mzee mmoja muunga mifupa, mtu wa heshima, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alilirudisha bega langu lililoteguka kwa kulivuta mara moja tu, huku akinisimulia habari za ng'ombe wake ili nisahau kuogopa. Mimi ndiye niliyesema twende kwa mzee. Ilikuwa karibu, ilikuwa rahisi, na kwa kweli ilikuwa bei nafuu. Mzee alimpapasa mkono taratibu, akaunyoosha, akaweka mabanzi ya mti na kuyafunga kwa kamba za ngozi, akatuagiza tumrudishe akiona vidole vinabadilika. Agizo hilo nalikumbuka vizuri. Nimejaribu miaka mingi kulisahau.

Usiku huo mkono ulivimba ndani ya kifungo. Asubuhi kijana alisema maumivu yamezidi na vidole vinakufa ganzi. Nilikuwa na mzigo wa kupokea. Nikamwambia kwamba mfupa ukiunga lazima uume, avumilie hadi kesho tumpeleke kwa mzee. Siku ya tatu vidole vilikuwa vyeusi na baridi. Tulipofika hospitali hapakuwa na la kuokoa. Mkono ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Daktari alinieleza bila kunikaripia, na ningependelea anikaripie: kwamba mwili ulioumia huvimba, na kifungo kisipolegezwa damu haipiti, na nyama iliyokosa damu kwa saa sita hadi nane huanza kufa isirudi tena. Mzee alipopata habari alilia mbele yangu, akasema, "Mlijua njia ya kwangu." Sikuwa na jibu. Kijana yule alikaa nasi miaka ishirini na sita akishika mizani na daftari kwa mkono wa kushoto, na watoto wake wawili walisoma kwa fedha za duka. Sisemi hayo ili nisifiwe. Ni deni, na halijaisha.

Ndiyo maana sikubaliani na pande zote mbili za ubishi tunaousikia siku hizi. Wako wanaosema tiba za mikono ni ushirikina wa bibi zetu, na wako wanaosema bibi zetu walijua yote na hospitali ni biashara. Kuhusu wa kwanza, hebu wasome kidogo. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo kuna kama lango: habari za mguso zikifika kwa wingi, lango hupunguza habari za maumivu zinazopanda kwenda ubongoni. Mtoto akijigonga goti na kulisugua, anafunga lango hilo bila kufundishwa na mtu. Baadaye ikajulikana kwamba ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za neva za pekee ambazo huitikia vizuri zaidi mkono unaopita polepole, sentimita chache tu kwa sekunde, na kazi yake si kueleza umeguswa wapi bali kumtuliza aliyeguswa. Kasi hiyo ni ile ile ya kiganja cha Dadima juu ya mgongo wa mtoto. Hata upasuaji umerudi nyuma mbele ya mikono: mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda ndani leo hunyooshwa kidogo kidogo kwa vidole na kufungwa plasta mpya kila wiki, njia ya daktari Ignacio Ponseti, na wengi wao hutembea bila kupitia upasuaji mkubwa. Mzazi anayemficha mtoto wa namna hiyo ndani ya nyumba, huko Gehandu au Bassodesh au popote, ajue kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani.

Kuhusu wa pili, mkono unaoponya ndio huo huo unaoweza kuua. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuwa wa moto usichuliwe, kwa kuwa huenda kuna damu iliyoganda ndani, na kuisukuma ni kuipeleka mapafuni. Tumbo la mjamzito lisikandwe kwa nguvu ili "kumweka mtoto sawa". Maumivu ya mgongo yanayokuja na miguu kuishiwa nguvu au mkojo kuzuia si kazi ya mafuta ya ufuta. Na mfupa uliovunjika waziwazi uende hospitali, ukifungwa njiani kwa mabanzi yaliyolegea, vidole vikiachwa nje vionekane. Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, waganga wa jadi hutakiwa kusajiliwa na Baraza lao. Wanaojitangaza minadani, mwenye kipaza sauti akiahidi kunyoosha uti wa mgongo wa kila mtu kwa dakika tano, muulizeni kwanza cheti chake kiko wapi.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo moja nililoliona mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima Hanang uliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka Jorodom, Gendabi na katika mji wetu wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Jamii yetu, kama nyingine zote, ilipeleka blanketi, unga, sufuria na mafuta ya kula katika shule zilizopokea waliopoteza makazi. Siku ya tatu nilikuwa nikishusha vitu mlangoni pa darasa moja. Pembeni, juu ya godoro, mama mzee wa Kibarabaig alikuwa ameishika miguu ya mwanamke mwingine mapajani mwake, akiichua kutoka kifundo hadi vidole, polepole, kwa mafuta yale yale ya kupikia tuliyoyaleta jana yake. Nilidhani ni jeraha, nikamwuliza, "Shikamoo mama. Mwenzako ameumia miguu? Wauguzi wapo hapo nje."

"Marahaba. Hakuumia," akanijibu bila kuinua macho. "Hajalala tangu Jumapili."

Nilisimama pale kwa muda, nikiwa na katoni ya sabuni mikononi. Baada ya kitambo kichwa cha yule mwanamke kikaegemea ukuta, mdomo ukafunguka kidogo, akalala. Mama mzee hakuiachia miguu. Akaniashiria kwa kidevu chupa iliyokuwa karibu kwisha, nikaenda kwenye gari kumletea nyingine.